Ushuhuda Niliomtungia Mke Wangu

Kabla sijafika kwenye aibu yangu, wacha nijisifu kidogo, maana kujisifu ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Nilitoka shuleni huko Olenguruone nikiwa darasa la tano, na sikutoka kwa kufuzu. Baba alisema ng'ombe hawajichungi. Nikachunga mpaka nikachoka na ng'ombe, nikachoka na baba pia, nikateremka Nakuru juu ya magunia ya viazi. Nikabeba mizigo sokoni. Nikasukuma mkokoteni. Nikatandika gunia kando ya barabara nikauza misumari, na mvua ikinyesha nililalia ile misumari isipate kutu. Leo nina hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, kwenye senta yetu, kabla hujafika Njoro, nimeipaka rangi ya machungwa ili hata mlevi asiikose. Nyuma yake nimejenga vyumba vya kupangisha, na wanaolala humo ni wanafunzi wa chuo kikuu. Mtu wa digrii ananisimamisha njiani, "Habari ya asubuhi, landilodi." Siku moja mhadhiri mzima alikuja kununua kitasa. Nikamweleza kitasa hufanya kazi vipi, naye akashukuru.

Tena si mali tu. Kisu cha kutahiriwa kilinikuta nimesimama, alfajiri, nimetoka kwenye maji baridi kama barafu, na sikupepesa jicho. Wajomba zangu wako hai, waulizwe. Kwetu jambo hilo halifutiki. Aliyepepesa jicho atazeeka nalo. Akisimama kusema neno mbele ya watu, kuna mtu nyuma atakohoa. Mimi sikuwahi kukoholewa.

Sasa nije kwa wezi.

Hadithi ambayo senta yote inaijua ni kwamba vijana watatu walituvamia dukani jioni moja ya mvua, mimi nikashika mpini wa jembe nikawapiga, wakatoroka bila kupata sanduku la pesa. Watu wa bodaboda wakanipa jina la Komando. Nikipita kwenye steji yao, pale wanapongojea abiria, wananipigia saluti. Hiyo hadithi nimeisimulia kwa kinyozi, nimeisimulia kanisani, nimeisimulia kwenye harusi ya watu nisiowajua vizuri. Kila nikiisimulia, mpini unazidi kuwa mrefu.

Ilivyokuwa ni hivi. Wafanyakazi walikuwa wameenda. Tulibaki mimi na mke wangu, na mvua ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba hata ungepiga kelele, jirani angefikiri ni mvua tu. Vijana wakaingia. Mmoja akataka waya wa kufungia nyavu. Nikageuka kuukata. Nyuma yangu nikasikia mlango wa chuma ukivutwa chini, ule wa kukunjika, grrr mpaka sakafuni. Nilipogeuka, panga lilikuwa limeshatoka ndani ya koti.

"Mzee, lala chini."

Nikalala. Hakuna aliyenisukuma. Kichwa changu kilikuwa sakafuni kabla hajamaliza kusema.

"Ufunguo wa sanduku uko wapi?"

Ufunguo ulikuwa kwenye soksi yangu. Huwa nauweka huko tangu siku za mkokoteni, tulipokuwa tunalala kwenye varanda na mfuko wa mtu haukuwa wake. Mke wangu anajua, yeye ndiye hufua hizo soksi. Na mimi, na mdomo huu ambao umekuwa ukijisifu tangu mwanzo wa ukurasa, nikasema:

"Ni mama huweka. Ulizeni mama."

Nilimwona akiniangalia. Nilikuwa nimelala shavu moja, vumbi la simiti limenijaa puani, naye amesimama nyuma ya kaunta. Aliniangalia kidogo tu, halafu akawaangalia wao.

"Sina," akasema.

Wakamwambia aweke mikono juu ya kaunta. Wakampiga na ubapa wa panga. Kila wakimuuliza, anasema sina. Sikumwona, nilimsikia. Mimi nilikuwa nalia. Si kulia kwa mtu mzima, nilikuwa nalia na sauti ya mtoto aliyefungiwa nje, na katika kulia huko sikuwa naomba Mungu amsaidie. Nilikuwa naomba wasiniangalie miguu.

Lori likasimama nje, labda dereva alikuwa anangoja mvua ipungue. Wale vijana wakaona taa kwenye ufa, wakachukua simu zetu na pesa zilizokuwa kwenye droo, wakainua mlango wakaenda. Basi. Hakuna mpini. Mpini niliushika baadaye, niliposikia majirani wanakuja. Niliinuka, nikajipangusa machozi na simiti, nikauchomoa kwenye rundo la mipini mipya, nikasimama nao mlangoni. Jirani wa kwanza akaniona hivyo.

"Mzee! Umepigana nao?"

Sikusema ndiyo. Nilisema, "Wameenda na alama."

Mke wangu alikuwa ameketi juu ya gunia la simiti, mikono ameilaza mapajani kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Alisikia. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjika. Hospitalini Nakuru walimfunga plasta mpaka karibu na kiwiko.

Sasa, kwetu mtu akiponea kifo, lazima kuwe na ibada ya shukrani. Unaleta tenti, unachinja, pasta anakuja na kwaya, na aliyeponea anasimama na maikrofoni kutoa ushuhuda. Usipotoa, watu wanasema baraka itapoa. Mimi nilichinja fahali. Wengine huchinja mbuzi. Nililipa kwaya iliyotoka mbali kule Longonot, na sare zao.

Siku moja kabla ya ibada nilimkalisha mke wangu jikoni nikamfundisha ushuhuda. Nilimfundisha kama mtoto anavyofundishwa shairi la siku ya wazazi, mstari kwa mstari.

"Utasema nilikupigania. Halafu utasema hawakukugusa kwa sababu nilisimama katikati. Halafu Bwana asifiwe, unaketi."

"Na ufunguo?" akauliza.

"Ufunguo gani? Hakuna ufunguo kwa hii hadithi."

Akageuza ugali. Alikuwa anausonga na mkono wa kushoto, na sufuria ilikuwa inazunguka pamoja na mwiko kwa sababu hakuwa na mkono wa kuishika. Sikuishika.

Kesho yake akasimama mbele ya watu, amevaa nguo niliyomnunulia, maikrofoni kwa mkono wa kushoto.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena."

"Amina!"

"Mume wangu alinipigania. Alisimama katikati. Hawakunigusa."

Vigelegele vikapasua tenti. Wanaume wakanipiga mgongo. Pasta akasema waume wa siku hizi wangekuwa kama huyu, Kenya ingepona. Na mke wangu amesimama pale mbele ya macho yote hayo na plasta nyeupe mpaka kiwiko, anasema hawakunigusa, na hakuna hata mtu mmoja aliyeona kwamba mkono unasema lingine. Mimi mwenyewe sikuona. Nilikuwa nahesabu nani amekuja na nani hajakuja.

Baada ya hapo alianza kuharibika. Sijui neno lingine. Dukani hakuingia tena. Alifika barazani, akigusa mlango anarudi. Kulala hakulala. Nikifungua macho namkuta ameketi kitandani, ameangalia mlango. Sufuria ikianguka, alichuchumaa na kufunika kichwa. Chakula alipika, akakipakua, akakiangalia. Na nikimkaribia kutoka nyuma, hata kama nimeita jina lake kwanza, mwili wake wote uliruka. Nilianza kukasirika. Nikamwambia, "Wewe umepigwa vidole, mimi nilikaribia kuuawa, na mimi nalala." Hiyo pia haikuwa kweli. Silali. Naangalia dari tu nikiwa nimefunga macho, ili ajue nalala.

Senta yetu ina mhudumu wa afya ya jamii, mama wa makamo. Anapita nyumba kwa nyumba na begi lake mgongoni, anapima presha, anaangalia watoto kama wamechanjwa. Ana kibanda cha sukumawiki pia, na ana mdomo. Sisi tunamwita Daktari kwa mzaha, naye huitikia bila mzaha. Siku moja alifika kwangu akampima mke wangu, akapima tena, akanywa chai yetu yote, halafu akanifuata kwenye yadi ambapo nilikuwa napanga mbao.

"Baba, mama analala?"

"Analala sana."

"Wewe ndiye nakuuliza kama analala, ama naongea na hizi mbao? Presha yake iko juu. Ana macho ya mtu anayelinda boma."

"Ni miaka. Wanawake wakifika miaka fulani..."

"Wacha miaka. Hata mimi niko na hiyo miaka na nalala mpaka jirani analalamika. Huyu ameshtuka, na mshtuko haujatoka. Tuko na kikundi, kila Jumatano kwenye dispensari, kuna mshauri anatoka Nakuru. Wamama waliovamiwa, waliochomewa, wa ajali za barabarani. Wanaongea tu. Mlete."

Wanaongea tu! Wangeongea nini? Nikaona kwa macho yangu wamama wameketi kwa duara, mke wangu katikati, mmoja anamuuliza, "Ehe, halafu ikawaje?"

"Mke wangu si mwendawazimu," nikasema.

"Nani amesema wazimu? Ukivunjika mguu unaenda hospitali, huitwi mwendawazimu wa mguu."

"Mambo ya nyumba hayaanikwi nje kama nguo."

"Nguo isipoanikwa inanuka, Baba," akasema, akafunga begi. "Na niliona ule ushuhuda. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Niliona na plasta."

Alichukua kipande cha ubao kilichokuwa kimekatika, akaniuliza kama nakitupa, akaenda nacho. Mimi nilibaki nimeshika msumeno, masikio yanawaka. Nilichofanya jioni hiyo si kumpeleka mke wangu Jumatano. Nilifanya kile mtu wa aina yangu hufanya akishikwa: nilitoa mchango. Nilimtumia Daktari ujumbe kwamba nasikia wanatafuta mahali pa kufanyia mkutano wa afya, yadi yangu ni kubwa, viti nitatoa, chai na mkate juu yangu. Nilifikiri nikiwa mwenye yadi, hakuna atakayenitazama vibaya ndani ya yadi yangu.

Mkutano ukaja, mchana wa jua, na watu wakajaa kwa sababu mkate ulisikika mpaka mbali. Wanaume wengi kuliko wanawake, watu wa bodaboda wote, hata mafundi. Mimi nilipewa kiti chenye mikono, mbele. Mshauri wa kutoka Nakuru alikuwa kijana mpole, alisema machache kuhusu presha na sukari, halafu akamwachia Daktari aseme mambo ya moyo.

"Nani hapa," Daktari akasema, "alipata ajali ama alivamiwa, na mpaka leo akisikia kitu fulani moyo unaruka?"

Kila mwanaume akaangalia viatu vya mwenzake.

"Sawa. Nani ana rafiki?"

Watu wakacheka, mikono ikainuka karibu yote.

"Mimi rafiki yangu," akasema mmoja wa bodaboda, kijana mwenye kovu refu shingoni, "aligongwa na lori huku juu. Sasa akisikia breki ya hewa, ile psss, anasimamisha pikipiki kwa nyasi. Abiria anauliza, vipi? Anamwambia anakojoa."

Watu wakaanguka kicheko, naye akacheka nao, lakini mkono wake ulikuwa umeenda kwenye lile kovu.

"Na rafiki yako amemwambia mtu?"

"Aambie nani, mathe? Aitwe msichana?" Akanigeukia, akapiga saluti. "Muulizeni Komando hapa. Komando, wewe ulipopigana na wale majambazi, uliogopa?"

Yadi yote ikanigeukia. Na nataka msomaji aelewe kwamba nilikuwa na nafasi. Yule kijana hakuwa ananidhihaki. Macho yake yalikuwa yananiomba kitu. Kama ningesema niliogopa, neno moja tu, nafikiri angebaki kwenye kiti chake. Nikainuka, nikaweka mkono kwenye mkanda.

"Kijana," nikasema, "mimi kisu kilinikuta nimesimama. Mwanaume haogopi. Akiogopa, basi hakuwa mwanaume hata kabla."

Makofi yakapigwa. Yule kijana pia alipiga, halafu akasimama polepole, akavaa helmeti akiwa bado ndani ya yadi, akaenda zake. Mkate hakuuchukua.

Ndipo ikatokea. Mke wangu alikuwa anapita na birika kubwa la chai, amekubali kupika kwa sababu ni yadi na si dukani. Mfanyakazi wangu, bila kujua lolote, akaenda kufunga mlango wa mbele wa duka ili wateja wasiingie wakati wa mkutano. Akauvuta. Grrr mpaka sakafuni.

Birika likaanguka. Mke wangu alikuwa tayari amepiga magoti, kisha ameingia chini ya meza ya mikate, mikono yote miwili ameinyoosha mbele ameilaza juu ya mchanga kana kwamba kuna kaunta pale.

"Sina ufunguo," akasema. Si kwa kelele. Kwa ile sauti ya jioni ile. "Sina. Mwacheni mzee, hana. Msimwangalie mzee."

Chai ilikuwa inakimbia kwenye mchanga kuelekea viatu vya watu, na hakuna aliyeondoa kiatu. Kuna mtu nyuma alikohoa. Labda alikuwa na kikohozi. Sitajua mpaka nife.

"Ni malaria," nikasema. "Ni malaria imempanda kichwani."

Niliyasema hayo, hata wakati huo.

"Ni pepo hiyo," mzee mmoja akasema. "Pasta aitwe."

"Pasta ataitwa akija kula mkate," Daktari akamjibu bila kumwangalia. "Rudini nyuma nyote. Mpeni hewa. Mzee, wewe pia, rudi nyuma."

Mzee huyo alikuwa mimi. Nikarudi nyuma kwenye yadi yangu mwenyewe.

Yeye akaketi chini kwenye tope la chai, mbali kidogo na ile meza. Hakumshika mke wangu wala kumvuta. Alianza kuongea naye kama mtu anayepiga porojo kwenye kibanda.

"Mama, ni mimi, jirani yako wa sukumawiki. Uko kwa yadi yenu. Ni mchana, ona jua. Hicho kilicholia ni mlango tu, umefungwa na yule kijana wenu. Hakuna mtu mbaya hapa, ni hawa wapenda mikate tu. Shika mchanga. Unausikia? Ni baridi ama ni moto?"

Mke wangu akasogeza vidole mchangani, akasema, "Ni chai."

"Ni chai, ndiyo. Na umemwaga yote, tutakunywa nini?"

Mabega yake yakashuka kidogo. Daktari akageuza kichwa akatuambia sisi tuliosimama, kwa sauti ya kawaida, kwamba huu si wazimu wala si pepo, mwili uliopata mshtuko mkubwa hukaa ukilinda hata baada ya hatari kwisha, na sauti moja inaweza kuurudisha pale pale. Kwamba ukiona mtu hivyo usimshike kwa nguvu wala usimzabe kofi, mwambie yuko wapi na wewe ni nani. Kwamba inatibika. Wanaume walimsikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza mimi. Halafu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakinipa mkono wa kwaheri kwa heshima ile ile, "Pole, mzee," "Pole sana, boss," na hakuna aliyepiga saluti.

Asubuhi yake mke wangu alinikuta nje nanawa uso. Akasimama mbele yangu, si nyuma, nafikiri kwa sababu alijua mimi pia naruka.

"Nataka kwenda Jumatano," akasema.

"Watakuuliza."

"Najua. Ndiyo nataka uniambie. Kusema uongo mbele ya watu mara ya pili, Baba, sitaweza. Ile ya kwanza imenikaa hapa." Akagusa chini ya shingo. "Kama hutaki niseme, sitaenda. Nitakaa tu hivi. Lakini niambie wewe na mdomo wako, nikae hivi."

Maji yalikuwa yananitiririka kwenye kidevu. Badala ya kumjibu nikamuuliza kitu ambacho kilikuwa kimenikaa kooni tangu siku ile. "Mbona hukuwaambia? Ulijua uko kwenye soksi."

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa mbona alipika chakula.

"Wangejua umewadanganya. Wangekukata."

Nimesema nilitoka kwenye maji ya barafu nikasimama mbele ya kisu. Haikuwa kitu. Wala sina maneno ya kusema hilo neno lake lilinifanya nini, kwa hivyo nitasema tu kwamba niliketi juu ya ndoo, na ndoo haikuwa na mfuniko, na nililowa.

"Sema vile ilikuwa," nikamwambia. "Yote."

"Na ya wewe kulia?"

Mungu wangu. Nilikuwa nimejidanganya kwamba mvua ilifunika.

"Na ya kulia."

Jumatano nilimpeleka na pikapu. Niliendesha polepole, si kwa adabu, kwa woga. Kikundi kinakaa kwenye chumba cha nyuma cha dispensari, cha mabati, dirisha halina kioo. Nilitaka kumwacha na kurudi dukani, lakini nikafikiri nikirudi itaonekana nimekimbia, halafu nikafikiri nikibaki itaonekana namchunga asiseme. Nikabaki. Niliegesha mbali, chini ya mti wa mkaratusi, lakini si mbali ya kutosha. Maneno hayakufika, sauti zilifika. Nilisikia ya mke wangu. Iliendelea kwa muda mrefu, bila mtu kuikata, na nilikuwa nafuata kupanda na kushuka kwake nikijiambia, sasa amefika kwa mlango. Sasa nimelala chini. Sasa ni ufunguo.

Halafu wamama wakacheka. Wote, kicheko kikubwa cha kupiga mapaja, na ndani yake nikasikia cha mke wangu, ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa kikoje. Mikono yangu ilishika usukani na gari lilikuwa limezimwa. Wanacheka nini? Wanamcheka nani? Nilijaribu kufurahi kwamba anacheka. Nilifurahi, lakini furaha ilikuja baadaye, nyuma ya aibu, na ilikuwa ndogo kuliko hiyo aibu. Nilishusha kichwa mtu akipita asinione. Mtu mzima mwenye nyumba za kupangisha, amejificha ndani ya pikapu yake kwa sababu ya kicheko cha wamama.

Walipotoka walipita karibu na gari. Wananijua wote, mmoja ni mteja wangu wa mabati. Kila mmoja alinisalimia. "Habari yako, Baba." "Umeamkaje?" Nilizichunguza nyuso zao moja baada ya nyingine nikitafuta yule anayejua, na sikuona kitu, wamama wa kwetu wanajua kuweka siri. Daktari alipita mwisho, akagonga boneti kidogo na vidole, akasema kwamba yule kijana wa bodaboda mwenye kovu hajaonekana kwenye steji tangu mkutano, kama ninajua anakolala nimtafute, kwa sababu mimi ndiye niliyeulizwa na mimi ndiye niliyemjibu. Hakungoja nijibu.

Mke wangu akaingia, akafunga mlango wa gari. Macho yake yalikuwa mekundu na uso umelegea, kama mtu aliyetoka kulala mchana. Sikumuuliza amesema nini. Naye hakuniambia. Hadi leo sijui, na naishi nayo hivyo: kila mwanamke akinunua kilo ya misumari kwangu nampimia ya kuzidi.

Tulipofika karibu na lami akasema, "Wiki ijayo usije kuningoja."

"Nitakuacha tu pale nirudi."

"Hapana. Nitapanda pikipiki. Nataka kwenda peke yangu."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa karibu kumkumbusha ni nani aliyemleta, ni pikapu ya nani, ni nani alisema sawa. Maneno yalikuwa yamejipanga tayari kama wateja asubuhi. Niliyaangalia yote, nikaona aibu juu ya kila moja, nikafunga mdomo.

"Sawa," nikasema.

Nilimshusha nyumbani, na sikuzima gari. Niliuliza njia mpaka nyuma ya kinu cha ngano, ambapo watu wa bodaboda hupanga vyumba, nikitafuta mlango wa yule kijana, na sikuwa nimejua bado nitamwambia nini akifungua.